Nyumba, ardhi na nyasi: namna ya kununua jumba kando ya uwanja wa gofu Pwani ya Kenya

Mombasa tuna jambo linaloitwa nyumba bila ardhi. Ukienda Majengo au Kisauni utamkuta mtu amejenga nyumba yake kwa jasho lake, amelea watoto na wajukuu ndani yake, na kila mwezi anampelekea mwenye shamba kodi ya kiwanja. Kuta zake, udongo wa mwenzake. Siku mwenye shamba akiuza, maneno huanza.

Nalitaja hilo kwanza kwa sababu kwa miaka mingi nimewasindikiza wanunuzi wa nyumba kati ya Diani na Kilifi, na nimeona watu wenye elimu na pesa nzuri wakinunua jumba la mamilioni katika hali hiyohiyo bila kujua. Karatasi ni za kung'aa, lango lina mlinzi na kamera, bwawa la kuogelea linameremeta, lakini ardhi iko kwa kampuni nyingine. Na kando ya uwanja wa gofu kuna kitu cha tatu ambacho nyumba nyingine hazina: nyasi. Ile mandhari ya kijani inayokufanya utoe milioni kumi au ishirini zaidi haimo ndani ya bikoni zako, yaani alama za mpaka wa kiwanja chako. Ni mali ya mtu mwingine, anaimwagilia mtu mwingine, na mtu huyo akichoka, wewe utabaki na veranda inayotazama kichaka.

Kwa hiyo hesabu vitu vitatu, nyumba, ardhi na nyasi, na kila kimoja ukidai karatasi yake. Mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, na sianzi na nyumba.

Hatua ya kwanza: uliza nyasi ni za nani

Dalali atakuonyesha jikoni. Mwache amalize, kisha umuulize jina la mwenye uwanja. Mara nyingine ni kampuni iliyojenga mtaa wote. Mara nyingine ni kilabu cha wanachama, au kampuni tofauti kabisa iliyouziwa uwanja baadaye. Dalali wengi hawajui, nao si wa kulaumiwa, maana hakuna anayewauliza.

Ukishapata jina, wakili wako afanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ofisi ya ardhi, ya hati ya uwanja wenyewe, mbali na ile ya nyumba. Aangalie mambo manne. Uwanja umewekwa rehani benki? Umiliki wake ni wa kudumu au wa kukodi, na kama ni wa kukodi imebaki miaka mingapi? Matumizi yaliyoandikwa ni yapi? La mwisho ndilo kubwa: je, kuna sharti lililosajiliwa, linalomfunga mwenye uwanja na yeyote atakayeununua kwake, kwamba pale pataendelea kuwa uwanja wa gofu au angalau eneo la wazi?

Sharti hilo lisipokuwepo, hakuna anayekuahidi chochote. Uwanja wa mashimo 18 huchukua hekta 50, 60 au zaidi. Mji ukisogea, hekta hizo zinakuwa viwanja mia kadhaa vya kuuza, na mwenye kampuni iliyolemewa na deni ataviona hivyo. Ramani ya rangi iliyo kwenye kijitabu cha matangazo haimfungi mtu mahakamani. Mara nyingi chini yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa kuwa mpango unaweza kubadilishwa.

Usilewe umaarufu pia. Pwani tunajivunia Vipingo, ule uwanja wa Baobab uliochorwa na David Jones, ambako mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalianza kuchezwa mwaka 2019, na mwaka 2023 Aditi Ashok wa India akaibuka bingwa. Ni fahari ya kweli kwa Kilifi. Lakini pa kusifika popote, Vipingo, Diani au Nyali, umaarufu wa uwanja hauandikwi kwenye hati yako. Sharti huandikwa.

Ukikuta hakuna sharti, bado unaweza kununua. Ila toa bei ya nyumba nzuri isiyo na mandhari, kisha uone kama muuzaji atakubali. Mara nyingi hapo ndipo karatasi ambayo haikuwepo huanza kutafutwa.

Na jingine: kumiliki nyumba kando ya uwanja hakukufanyi mwanachama wa kilabu. Uanachama una ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka, na pengine kamati ya kukupitisha. Uliza kama umo ndani ya bei, kama unahamishika kutoka kwa muuzaji kuja kwako, na kama utamfuata mtoto wako ukimrithisha nyumba. Jibu likiwa ndiyo, liingizwe kwenye mkataba.

Hatua ya pili: jua wewe ni nani mbele ya sheria ya ardhi

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hii inamhusu Mtanzania, Mganda na Mrundi sawasawa na Mwingereza au Mjerumani. Ujirani hauhesabiki. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia. Hisa moja ya mgeni inatosha kuigeuza.

Kwa ndugu zetu walio Marekani, Uingereza na Ghuba, habari ni nzuri. Katiba hiyohiyo iliruhusu uraia pacha. Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua pasipoti ya nje anaweza kuomba kuurudisha. Fanya hivyo kabla ya kutia sahihi. Nimewahi kumwona mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Malindi, akinunua kwa pasipoti ya kigeni kwa sababu hakuna aliyemwambia, akaandikwa kama mgeni kwenye kaunti aliyozikwa babu yake. Baadaye alilia, tena si kwa ajili ya pesa.

Halafu kuna suala la shamba. Kilifi ni nchi ya mkonge, korosho na minazi, na hati nyingi za zamani zilianza zikisema kilimo. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ombi lake lina muda wa miezi 6 tangu mkataba, na mgeni hawezi kupewa idhini hiyo. Kwa hiyo hakikisha matumizi yalibadilishwa rasmi kuwa makazi, na nakala ya idhini ya mabadiliko hayo iko mkononi mwa wakili wako.

Kisha soma aina ya umiliki unaouziwa. Katika mitaa ya gofu mara nyingi hupewi ardhi moja kwa moja. Unapewa ukodi mdogo uliotolewa ndani ya ukodi mkubwa wa kampuni mama, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Si vibaya. Lakini ukodi mdogo hauwezi kuishi muda mrefu kuliko mama yake. Ukodi wa mama ukiwa umebakiza miaka 61, wewe huna 99, hata kijitabu kiseme nini. Omba uone karatasi zote mbili, uzisome pamoja.

Na ukiambiwa, "Tutakuuzia kampuni inayomiliki nyumba, hivyo utakwepa gharama," simama hapo. Ukinunua kampuni unanunua na madeni yake, kesi zake na kodi ambazo hakulipa mtu. Kwa mnunuzi wa kawaida mimi hushauri akatae.

Hatua ya tatu: sachi ya leo haitoshi

Wengi hufanya sachi, wakaona jina la muuzaji, wakashukuru Mungu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali ambayo kila mnunuzi wa Pwani anapaswa kuijua. Kampuni ilinunua, ikawa na hati, ikajenga ukuta. Serikali ya kaunti ikaubomoa ili kufungua njia ya umma kwenda baharini. Mahakama ikaona kwamba mgao wa kwanza wa kiwanja kile, miaka mingi nyuma, haukufuata sheria, na kwa hiyo hati iliyotokana nao haikuweza kulindwa, hata mikononi mwa aliyenunua baadaye.

Maana yake ni kwamba unarithi usafi au uchafu wa kila aliyetangulia. Mwambie wakili wako akutafutie historia nzima ya hati tangu mgao wa kwanza: nani alipewa, kwa barua gani, ilipimwa lini, iligawanywa vipi. Zamani kazi hii ilikuwa ya kukaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi ukisubiri faili; siku hizi mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021, umeanza kusogeza mambo, ingawa kwa hati za Pwani karani mwenye miguu mepesi bado ana kazi. Mlipe mpimaji ardhi mwenye leseni aje na ramani, azitafute bikoni moja moja, na wewe uwepo. Ukiona bikoni imo ndani ya nyasi za gofu, au mti wa alama za mpaka za uwanja umechomekwa ndani ya bustani unayouziwa, msisonge mbele hadi pamejulikana nani amevuka.

Halafu toka nje ya lango. Hili haliko kwenye orodha ya wakili, nami naliona kubwa kuliko mengi. Nenda kijijini kwa jirani, umwone mzee wa mtaa, umwamkie vizuri, uketi. Muulize watu walipita wapi kwenda kisimani au baharini kabla ya ua kujengwa. Muulize kama kuna makaburi, au kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, jirani. Ardhi ya Pwani ina vidonda vya zamani vya watu kuhamishwa, na mzee atakueleza kwa nusu saa jambo ambalo sachi haina pa kuliandika. Kahawa na kaimati vinatosha.

Hatua ya nne: simama pale mpira unapoanzia

Sasa twende kwenye mchezo. Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93, ni mdogo kuliko yai, lakini mchezaji wa kawaida akiupiga kwa fimbo kubwa unaondoka kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa na ushei. Ukigonga kioo, kioo hakibaki. Ukigonga kichwa, ni hospitali.

Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na kosa la kawaida la asiye hodari ni kuupinda mpira kwenda kulia. Basi usiusome uwanja kutoka kwenye veranda. Nenda ukasimame mahali pa kuanzia shimo lililo karibu na nyumba, utazame mbele kama mchezaji. Ikiwa nyumba iko upande wa kulia, umbali wa mita 150 hadi 220, umo njiani. Ikiwa njia ya mchezo inapinda na nyumba iko kwenye kona ya ndani, wenye tamaa watajaribu kukata kona juu ya paa lako. Nyumba iliyo nyuma ya mahali pa kuanzia ina amani zaidi. Iliyo karibu na shimo lenyewe haipigwi sana, lakini kila siku utasikia mazungumzo, vicheko na vigari, na mashine ya kukata nyasi itakuamsha pamoja na adhana ya alfajiri.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kusi huingia Aprili na kuvuma kutoka kusini-mashariki kwa miezi mingi. Nyumba isiyoguswa na mpira wakati wa Kaskazi inaweza kupokea mvua ya mipira Kusi ikianza. Ukiweza, itembelee mara mbili, na moja iwe katika masika, Mei hivi, ambapo utaona pia maji yanatuama wapi.

Nitakusimulia niliyoyaona. Nilimpeleka mnunuzi, mume na mke, kwenye jumba la vyumba vitano. Muuzaji alituambia mipira huingia "mara mbili tatu kwa mwaka." Wao wakiwa ghorofani wanapiga picha, mimi nilishuka jikoni kwa mtunza nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu maji."

"Ahsante. Mzee, mipira ya hawa wachezaji huwa mnaitupa wapi?"

Hakujibu. Aliinama chini ya sinki akavuta beseni la plastiki, lile la kufulia, limejaa hadi ukingoni. Mipira myeupe, ya manjano, mingine bado ina nyasi kavu. "Hii ya tangu Ramadhani," akasema. "Ya kabla ya hapo wajukuu wamechukua."

Tukatoka naye uani. Akanionyesha kwenye lipu, usawa wa kichwa cha mtoto, vibonyeo vidogo vya mviringo, kila kimoja saizi ya kidole gumba, vimepakwa rangi juu. Paani, vigae vitatu vilikuwa vyekundu kuliko vingine, maana ni vipya. Yule mama, aliyekuwa na mtoto wa miaka mitatu, aliziona alama zile akamshika mume wake mkono. Nyumba hawakuinunua.

Kwa hiyo tafuta vigae vipya, alama kwenye lipu, wavu uliofungwa upande mmoja bila sababu. Kisha soma masharti ya mtaa, utakuta karibu kila mara kifungu kinachosema mwenye nyumba amekubali hatari ya mipira na hatadai fidia kwa kilabu. Uliza pia kama unaruhusiwa kuweka wavu au kupanda miti ya kukinga. Kwingine kamati inakataza kwa sababu ya mandhari. Na bima yako itaje kioo, paa na watu.

Hatua ya tano: jengo lenyewe, kwa macho ya mtu wa Pwani

Hapa nitapita haraka, maana fundi mzuri anayajua haya, nawe ni lazima uende na fundi wako, si wa dalali.

Mwambie atazame chini ya mabamba ya zege: kwenye veranda, chini ya ngazi, kwenye kingo za roshani. Mistari ya kutu na zege linalobanduka maana yake nondo zimeanza kuliwa, na kama mchanga wa bahari ulitumika, ugonjwa huo hautibiwi kwa rangi. Agonge milango na fremu kutafuta mchwa. Paa la makuti ni zuri na lina ubaridi wake, lakini linataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kampuni ya bima itakutoza zaidi au itakukatalia. Afungue bomba la kisima alionje maji. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana hugeuka chumvi, na chumvi inaua vyuma, mashine na bustani. Awashe viyoyozi vyote pamoja na pampu ya bwawa aone kama stima inahimili. Mwisho aulize shimo la maji taka liko wapi na lilinyonywa lini mara ya mwisho.

Ongeza swali moja la gofu: uwanja unapigwa dawa gani, siku gani, na upepo ukielekea wapi? Grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, hutunzwa kwa mbolea na dawa za ukungu na wadudu. Mwenye watoto, pumu au mizinga ya nyuki ana haki ya kujua ratiba.

Hatua ya sita: maji na ada, mahali nyumba hizi zinapofia

Uwanja wa mashimo 18 katika joto letu unaweza kunywa lita milioni moja kwa siku wakati wa kiangazi. Wakati huohuo miji yetu ya Pwani, kutoka Malindi hadi Mombasa, inategemea sana visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na kila mwenye nyumba hapa anajua siku ambazo mabomba hukohoa hewa. Basi uliza uwanja unakunywa wapi. Kama unatumia maji taka yaliyosafishwa, au mabwawa ya kukusanya mvua, hiyo ni dalili ya watu waliofikiri. Kama unategemea visima vinavyoshuka kila mwaka, nyasi hizo zina siku zao. Nenda Februari, jua likiwa kali na Kaskazi ikikausha, utazame ukoka. Uwanja ulio kijani kwenye grini tu na kahawia kwingine kote unakuambia pesa au maji yamepungua.

Sasa ada ya huduma. Usiulize "ni ngapi kwa mwezi" ukaridhika. Omba hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya usimamizi za miaka mitatu. Tafuta ada ilipanda vipi, na ni wenye nyumba wangapi hawalipi. Tafuta kama kuna akiba ya matengenezo makubwa, kwa maana barabara za ndani, pampu na ukuta vitaharibika siku moja, na pasipo akiba mtachangishwa ghafla. Kisha soma kwa makini kama ndani ya ada hiyo wenye nyumba ndio wanaolipia uwanja wa gofu, na kama ndiyo, kwa kiwango gani na nani anakipanga. Nimeona mtaa ambapo mwenye uwanja aliacha kupata faida, akaanza kuusukuma mzigo kwa wenye nyumba mwaka hadi mwaka. Waliokuwa wastaafu wakashindwa, wakauza kwa hasara. Walikuwa wametia sahihi wenyewe, ukurasa wa arobaini na kitu.

Mwombe muuzaji barua ya kampuni ya usimamizi inayosema hana deni. Bila barua hiyo, deni lake linakuja na nyumba.

Kama unakusudia kuipangisha kwa wageni wa likizo ili ijilipie, hakikisha masharti ya mtaa yanaruhusu ukaaji wa siku chache. Mingi imeanza kukataza. Kodi ya mapato ya nyumba za makazi kwa mkaazi wa Kenya ni asilimia 7.5 ya pango lote unalopokea tangu Januari 2024, mradi mapato hayo hayazidi shilingi milioni 15 kwa mwaka. Asiye mkaazi hutozwa kwa utaratibu mwingine, na mkubwa zaidi.

Hatua ya saba: mkataba na pesa

Kila upande uwe na wakili wake. Akikuambia mtu kwamba wakili mmoja atawahudumia wote ili kupunguza gharama, jibu ni hapana.

Desturi yetu ni arubuni ya asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, na kukamilisha ndani ya siku 90. Arubuni ikae kwa wakili wa muuzaji kama amana, isiende mfukoni mwa muuzaji wala kwa dalali. Salio lilipwe dhidi ya ahadi ya maandishi kati ya mawakili. Kama muuzaji ana mume au mke, idhini ya mwenzake iambatanishwe. Bila hiyo mauzo yanaweza kuvunjwa. Wewe uliye mbali, ukimpa ndugu hati ya uwakilishi, ihusu nyumba hii tu na kazi hii tu, itiwe sahihi mbele ya mthibitishaji huko uliko, kisha isajiliwe Kenya. Namheshimu kila kaka na kila shangazi, lakini hati ya uwakilishi isiyo na mipaka imevunja familia nyingi.

Chukua mfano wa jumba la shilingi milioni 60. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, yaani 2,400,000, na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, yaani 1,200,000. Muulize wakili mapema kiwanja chako kinahesabiwa wapi, kwa sababu mitaa mingi ya gofu iko mpakani. Kumbuka mthamini wa serikali ndiye anayetoa thamani ya kutozea ushuru, na inaweza kuzidi bei mliyokubaliana. Wakili wako, kwa asilimia 1.5, ni 900,000, na VAT ya asilimia 16 inaongeza 144,000. Weka kando fedha za mpimaji, mthamini wako mwenyewe na fundi. Wote watatu pamoja hawafiki hasara ya kosa moja. Muuzaji naye analipa kodi ya asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichoanza Januari 2023. Hiyo si yako, lakini asipoilipa uhamisho wako utakwama, kwa hiyo ratiba yake iandikwe kwenye mkataba.

Katika mkataba huohuo yaingizwe yale uliyoahidiwa kwa mdomo: uanachama, kigari cha gofu, samani kwa orodha na picha, mashine ya bwawa. Na wafanyakazi. Mtunza nyumba aliyekaa pale miaka kumi na miwili ana haki zake, na muuzaji anapaswa kuzilipa kabla hajaondoka. Nimewaona wazee wakiachwa langoni na barua ya kuagana. Andika kwamba malipo yao yatathibitishwa kabla ya funguo, nawe ukiweza, mbakishe mzee. Ndiye anayejua valvu ya maji iko wapi na nyani huingia kwa dirisha gani.

Hatua ya nane: siku ya funguo na mwaka wa kwanza

Usipokee funguo kabla hati haijasajiliwa kwa jina lako, isipokuwa wakili wako ameridhika na ahadi zilizopo. Siku hiyo piga picha mita ya stima na ya maji, badilisha vitasa vyote, jaribu kila bomba mbele ya muuzaji au mtu wake, na dosari ziandikwe na kutiwa sahihi palepale.

Wiki hiyohiyo nenda ofisi ya kampuni ya usimamizi ukabadilishe jina kwenye daftari la wanahisa. Watu husahau hili, wakakaa miaka miwili bila kura. Uliza tarehe ya mkutano wa mwaka. Kama utakuwa Doha au Minneapolis, mteue kwa maandishi mtu wa kukuwakilisha, umpe maswali matatu: uwanja umetumia lita ngapi mwaka huu, nani hajalipa ada, na je, kuna barua yoyote iliyopokewa kutoka kwa anayetaka kununua nyasi.